Bango Ambalo Mchwa Walilikataa

Kazi ya kuchapa inaharibu zaidi kuliko inavyotengeneza. Watu hawalijui hilo. Anakuja mtu dukani kwangu hapa Mkuza, anataka kadi za mchango wa harusi, anachukua kadi zake zimefungwa vizuri kwa mpira, anaondoka anafurahi, haoni rundo lililobaki chini ya meza. Moja wino umemwagikia shavu la bibi harusi. Nyingine mashine imeitafuna pembeni. Nyingine bwana harusi ametoka kijani kama mtu aliyemeza matembele mabichi. Hizo sisi tunaziita mabovu, na habari yangu yote hii ni habari ya mabovu. Nimechoka nayo na sina pa kuipeleka.

Shule mimi niliishia darasa la nne, Mzenga kule Kisarawe, na hata hilo la nne sikulimaliza sawasawa kwa sababu ya nyani. Nyani walikuwa wanang'oa mihogo, lazima mtu ashinde shambani kuwafukuza, na mtu mwenyewe nikawa mimi. Kaka yangu akaachwa asome kwa kuwa alikuwa mkubwa, na yeye naye hakusoma, kwa hiyo nyani walitukosesha wote wawili. Ila mkono wangu ulikuwa mzuri. Niliandika vibao vya maduka kwa brashi: Saluni, Genge, Hapa Tunauza Mkaa. Vingine viko njia ya Misugusugu mpaka leo, rangi imebabuka, na lile genge limeshakuwa kanisa. Baadaye ikaja skrini ya kitambaa, tukawa tunapiga fulana. Baadaye tena binti yangu akasomea kompyuta, akaleta mashine, ndogo kwanza halafu ile kubwa ya mabango, nikawa mzee mwenye duka asiyejua kuwasha mashine zake. Yeye anachora na kuchapa. Mimi nakata, nakunja, nafunga. Na mabovu ni yangu.

Hapa Kibaha mabovu yana soko. Akina mama wa maandazi wanayapenda kwa kuwa karatasi nzito haipitishi mafuta haraka, na wauza karanga nao wanakunjia vile vikoni vyao. Ukipita stendi asubuhi unaweza kula kitumbua kilichofungwa kwenye harusi ya mtu. Siwacheki, nami nimekula hivyo. Lakini dukani kwangu hayakuuzwa. Shangazi yangu aliyenilea, akiona kipande cha gazeti chini chenye jina la Mungu, alikuwa anakiokota, anakibusu, anakichomeka kwenye makuti ya paa. Na hakujua kusoma. Sasa angejuaje kipi kina jina la Mungu na kipi kina bei ya sukari? Akawa anaokota vyote. Ilifika mahali paa letu lina magazeti mengi kuliko makuti, na mvua ikinyesha tunadondokewa na habari.

Mimi nikaongeza la kwangu, nikasema uso wa mtu nao usikanyagwe wala usifungiwe kitumbua. Mtu amekupa sura yake uitengeneze, umeharibu wewe, yeye kosa lake nini? Nilikuwa nayakusanya mabovu kwenye viroba, vikijaa napanda bodaboda mpaka Mzenga, kwenye shamba aliloliacha baba. Nyuma ya mikorosho kuna bonde tulilochimba udongo wa kujengea zamani. Hapo nachimba, namwaga, nafukia. Mchwa wanamaliza. Nikirudi na kiroba kingine nakuta udongo mtupu, mlaini kama unga, hakuna bibi harusi, hakuna marehemu.

Watu walinicheka. Wenzangu wenye maduka wanabandika kadi za wateja mlangoni kama maonyesho, harusi ya mtu iliyokwishavunjika bado inaning'inia pale na maua yake. Mimi sibandiki. Kuna siku alikuja kijana na cheti cha mwenzake, anataka tubadilishe jina tu, mengine yabaki. Nikakataa. Akaniambia, mzee, utakufa maskini. Nikamwambia ndiyo. Alichosema kilikuwa kweli.

Sasa nifike kwa yule mama.

Alikuja jioni moja, amevaa nguo za ofisini, maana anafanya kazi Dar, anaondoka Misugusugu alfajiri na kurudi magharibi. Ni mtu wa kaskazini, wa kule kwenye migomba na baridi, wamejenga hapa yeye na mumewe kama wengi wao. Alinisalimia shikamoo, nikamwitikia marahaba, kisha akaweka juu ya meza yangu kipande cha karatasi kilichokunjuliwa. Kimeloa mafuta, unaona mpaka mbao za meza kupitia kwake. Ndani yake kuna sura ya binti wa shule ya sekondari, anacheka, na chini yake maneno ya ratiba ya mazishi.

"Nilishakula nusu ya andazi," akasema, "ndipo nikaona jicho."

Alikuwa mwanawe. Alikuwa amemzika miezi michache nyuma, kule kwao, kwenye migomba ya babu yake, kwa kuwa wao hawazikani ugenini. Ratiba zilichapwa kwenye duka jingine, silitaji, na mabovu yakaenda yanakokwenda. Yule mwenye maandazi hakuwa na kosa. Yule mwenye duka naye, ukimwuliza, atakwambia karatasi ni karatasi. Mama alikuwa hatafuti wa kumshitaki. Alikuwa amezunguka maduka yote ya kuchapa akiuliza swali moja, na wote wamemshangaa.

"Mzee, ya kwako yanayoharibika yanakwenda wapi?"

Nikamweleza. Nikamweleza habari za Mzenga na bonde na mchwa, nikamweleza na shangazi na makuti, maana mimi nikianza sijui kunyamaza. Alinisikiliza yote. Mwisho akasema anataka kazi ya misa ya kumbukumbu ya mwaka: kadi, na bango kubwa lenye picha la kutundika uani siku hiyo. Na misa ikiisha, bango atanirudishia nilizike. Nyumbani hawezi kulitundika, baba yake mtoto anashindwa kula akiliona. Kulikunja kabatini hawezi, anaona kama kumfungia mtoto gizani. Kulitupa ndiyo kabisa. Anataka lipumzike mahali, liishe kwa adabu.

Binti yangu akageuka kutoka kwenye kompyuta. Alisema taratibu, kwa heshima, kwamba lile si karatasi, ni turubai la plastiki. Nami nikamjibu yule mama badala ya kumjibu binti yangu. Nikasema, mama, mchwa wa Mzenga wanakula mpini wa jembe na wewe umeushika. Walikula mlango wa msikiti. Walikula kitanda cha babu yangu naye amelala, tukamkuta chini asubuhi anadhani amekufa.

"Litaoza," nikamwambia. "Niachie mimi."

Akacheka kidogo kwa habari ya babu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anacheka, na nikamtambua mtoto kwenye kile kicheko.

Misa ikapita. Tukaenda Mzenga bodaboda mbili, yeye mbele na bango lake kwenye mkeka, mimi nyuma na kiroba cha mabovu ya kadi zake. Kaka yangu alikuwa kivulini anabangua korosho. Akaniuliza kwa sauti, yule ni mzungumzaji tangu utoto, mdogo wangu, siku hizi umeanza kuzika na Wakristo? Nikaona aibu, lakini mama akamjibu kuwa ndiyo, ila huyu anayezikwa hali ubwabwa wa hitima, msiwe na wasiwasi. Kaka akampenda hapo hapo, akampa korosho za kwenda nazo.

Nilichimba vizuri kuliko siku zote. Mama akaliweka bango mwenyewe, sura ikiangalia juu. Tulipofukia akatoa kwenye mkoba wake mche umefungwa kitambaa kibichi. Akasema ni isale, jani la kwao. Wanalipanda kwenye makaburi na mipaka, na lina kazi nyingine: mtu aliyekukosea akija kwako na jani la isale, huwezi kumkatalia msamaha, hata awe amekuua. Kaka akamwambia, tungekuwa nalo sisi hilo jani tungelifanyia biashara. Mama akalipanda juu ya shimo, akalimwagia maji ya chupa yake.

Tangu hapo akawa anakwenda mwenyewe baadhi ya Jumamosi. Kaka alinipigia kuniambia, yule mgeni wako amekuja, amekaa pale bondeni, amemenya chungwa, amekula, ameondoka. Halii. Ananisalimia tu. Dukani akipita akawa ananiambia kaburi la kweli liko mwendo wa siku nzima kwa basi, ila hili analifikia na kurudi kabla jua halijazama. Nakwambia kweli, katika miaka yote ya kuchapa kadi na fulana na mabango ya watu, hicho ndicho kitu pekee nilichoona nimekitengeneza kikakaa.

Halafu ukaja ule ukame. Vuli haikunyesha, masika yakanyunyiza tu kama mtu anayepiga pasi. Mama alikuwa amepata homa ndefu wakati huo, hakwenda Mzenga, nami mabovu yalikuwa machache kwa kuwa kazi ilikuwa chache. Kiroba kilipojaa nikaenda peke yangu. Nikafika nyuma ya mikorosho nikadhani nimekosea shamba. Bonde lilikuwa limepanuka, limechimbwa kina cha mtu, na ndani yake maji ya rangi ya chai ya maziwa na ng'ombe wanakunywa.

Kumbe wafugaji walikuwa wamekuja kumwomba kaka. Hawa wa kutoka kanda ya ziwa, watani zetu, wamekaa upande wa pili wa shamba muda mrefu na hatuna ugomvi nao. Waliomba wachimbe bonde liwe lambo, maji ya chini yako karibu pale. Kaka akawaruhusu. Nikamwuliza, kaka, hukukumbuka kama pale kuna watu?

"Pale kulikuwa na karatasi," akasema. "Ng'ombe walikuwa wanakufa."

Waliokuwa wanakufa niliwaona mbavu zao.

Nikauliza vilivyotoka kwenye udongo vilikwenda wapi. Akanielekeza kwa kidole kwenye boma lao. Nilianza kuliona kutoka mbali. Walikuwa wamejenga kibanda cha ndama, miti minne na paa, na paa lenyewe ni yule mtoto. Anacheka. Jua linamwangukia usoni, na meno yake ni meupe vile vile kama siku alipotoka kwenye mashine.

Bibi mmoja wa pale boma alikuja kunipokea, akaniona naangalia juu.

"Mtani," akasema, "kumbe ninyi watu wa Pwani matajiri hivi? Turubai zima mnafukia. Sisi tunahangaika kununua, ninyi mnapanda."

Nikamwambia kwamba yule ni mtoto wa mtu. Amekufa. Akatazama juu, akaweka mkono mdomoni.

"Tulidhani mgombea," akasema polepole. "Mtani, mimi macho yangu hayaoni vizuri. Nilisema huyu mgombea mbona mdogo hivi."

Hakusubiri nimwombe. Akamwita mwanawe, wakapanda, wakalishusha wenyewe, wakalikung'uta mavi, na bibi akawa anamfuta yule mtoto kwa upindo wa khanga yake, anasema pole mwanangu, pole mwanangu, kwa lugha yao na yetu. Pembeni palikuwa pamelambwa na ndama mpaka pakalainika, wanapenda chumvi. Nyuma ya bango nikaona njia za udongo, ile mirija mchwa wanayoijenga. Walifika. Walipanda juu yake kutoka kona hadi kona, wakatafuta pa kuanzia, wakakosa, wakaendelea na safari yao. Kadi za karatasi zilikwisha zote. Zile chache tulizozivalisha plastiki bibi alikuwa nazo ndani, amezipanga kwenye ukuta wa jikoni. Alizitoa moja moja akanipa. Nilimpelekea turubai jipya baadaye, la bluu, lisilo na mtu.

Isale walikuwa wamelirusha pembeni na udongo. Lilikuwa limeshika mizizi pale lilipodondokea, ng'ombe wamelikata nusu, nusu ni kijani.

Dukani nililiosha lile bango kwa sabuni ya unga, nimefunga mlango ili wapita njia wasimwone. Binti yangu alinisaidia kushika upande wa pili. Hakuniambia, si nilikwambia, Baba. Ningependa angesema. Maji yalikuwa yanatoka machafu, na kila tukimwaga sura inazidi kung'aa. Kazi nzuri ile. Wino bora, binti yangu hafanyi kazi ya kulipua, na mimi ndiye niliyemfundisha asilipue.

Misa ya mwaka wa pili ilikuwa inakaribia, na nilijua mama akipona ataenda bondeni na chungwa lake. Ningeweza kunyamaza nikapanda lile isale mahali pengine na kumwambia shimo limehamishwa kwa sababu ya maji. Kaka alinishauri hivyo hivyo. Lakini huyu ni mtu aliyezunguka maduka yote akiuliza swali moja, na mimi ndiye niliyelijibu.

Nikarudi Mzenga nikachuma jani la isale, nikaenda Misugusugu nalo kwenye mfuko wa shati.

Alikuwa amekaa barazani na kitenge mabegani, amekonda. Nilipolitoa lile jani akalitazama muda mrefu kabla hajanitazama mimi.

"Nani kakufundisha hilo, mzee?"

"Wewe mwenyewe, mama."

"Unanibana," akasema. "Mimi nilikueleza tu, na wewe umekuja kunibana nalo."

Nikamsimulia yote. Lambo, ng'ombe, kibanda, bibi na khanga yake, mchwa waliopita juu. Kuhusu ndama kulamba nilitaka kuruka, nikalisema nalo. Mumewe alisimama mlangoni kidogo, akarudi ndani. Mama alilichukua lile jani mkononi mwangu, kama mila yao inavyomtaka alichukue.

"Nimekusamehe," akasema. "Sasa yeye nimweke wapi?"

Nikamwambia nimemleta dukani, ni safi. Akatikisa kichwa. Hamtaki nyumbani, hawezi kulala nyumba moja na sura iliyokaa na ndama. Nikamwuliza kama nichome. Aliniangalia kama mtu aliyemsikia mwendawazimu akimtaja mwanawe. Nikamwuliza kama nichimbe tena, ndani zaidi, mahali pengine.

"Azikwe mara ngapi, mzee? Hata wewe sasa unajua hatalala."

Akaingia ndani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Msamaha nimepewa, upo, sina wa kulalamikia.

Mabango ya sura tumeacha kuyafanya. Nilimwambia binti yangu, akakubali, mashine kubwa tumeifunika shuka. Mteja akija na picha ya baba yake tunampa kadi za karatasi tu, anatuona wajinga, anavuka barabara. Upande wa pili wanamtolea mita zozote anazotaka. Jioni upepo ukivuma naziona sura za watu kwenye nguzo na mabanda ya kuku na magenge, na najua sasa kwamba kila moja itabaki. Duka linakwisha. Tulikuwa tunatunza heshima za watu, na watu wamekwenda kwa wasiotunza. Siwezi kusema wamekosea, kwa sababu mimi niliyetunza ndiye niliyemweka mtoto wa mtu kwenye paa la ndama.

Bango liko kwenye rafu ya juu, nimelikunja ndani ya khanga ya marehemu mke wangu. Yule mama bado anapita asubuhi kwenda kazini. Ananiinulia mkono, shikamoo mzee, nami marahaba mama, lakini kichwa hakigeuzi kutazama ndani.

Juzi binti yangu aliniuliza kama afute na ile picha kwenye kompyuta, maana imekaa humo tangu siku ile. Nikamwuliza, ukifuta inakwenda wapi? Akasema haiendi popote, inaisha tu. Nikamwambia basi futa, hiyo moja angalau iishe. Akaweka kidole, akabonyeza, akabaki anaangalia kioo.

"Hata hii, Baba," akasema, "mtu mwenye ujuzi akitaka anairudisha."